Nimeacha nyama, lakini anayeipika bado ni mimi

Shangazi, shikamoo.

Huu ni mwezi wa saba sijatia nyama mdomoni. Mayai na maziwa nayo nimeyaweka kando. Hakuna aliyenishika shati. Nilipimwa lehemu, yaani kolesteroli, ikaonekana imepanda, daktari akaniambia nipunguze mafuta ya wanyama, nami kwa vile sijui nusu nikaacha vyote. Mwili umeitikia vizuri. Shida iko jikoni.

Mpishi wa nyumba ni mimi. Mume wangu akiletewa sahani isiyo na nyama huitazama, kisha huuliza kwa upole kabisa, "Na chakula je?" Vijana wetu wawili wamemfuata baba yao. Basi kila jioni nabandika sufuria mbili, yao na yangu. Kinachonikera kuliko hata kuosha vyombo, usicheke Shangazi, ni chumvi. Mchuzi wao siwezi kuuonja. Namwita mdogo aje anionjee, naye hatoki jikoni bila mnofu mkubwa kuliko yote, halafu mezani kunawaka.

Mwezi uliopita nikajitia ujanja. Nilichemsha dengu mpaka zikavurugika, nikakaanga uyoga uliokatwa vipande vidogo mpaka maji yakakauka ukashika rangi, nikachanganya na nyama ya kusaga, nusu kwa nusu. Kitunguu saumu sikubania. Walikula wakaomba kuongezewa. Ningenyamaza yangeishia hapo, lakini furaha ilinizidi nikasema. Mume wangu aliweka kijiko chini. Hakugomba. Alisema tu, "Kumbe siku hizi tunalishwa tusichokijua."

Tangu siku hiyo kila ninachopakua kinachokorwa kwa uma kwanza, hata nyama niliyoipika bila hila yoyote. Na siwezi kuwalaumu. Mimi mwenyewe ningekuta kipande cha nyama kimefichwa kwenye maharage yangu, nyumba isingekalika.

Sasa limeongezeka la binti yetu. Ana miaka 13, kavunja ungo mwaka huu, na wiki mbili zilizopita alisukuma bakuli la nyama akasema yeye yuko na mama. Baba yake aliniambia usiku, "Wewe ni mtu mzima, mwili ni wako. Huyu anakua. Akiishiwa damu nimuulize nani?"

Swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu nayajua mambo yenyewe. Vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu, haipatikani ya kutegemewa kwenye mimea. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, na mimi namezea kidonge. Akiba yake hukaa kwenye ini hata miaka, kwa hiyo mtu anaweza kujiona mzima huku inapungua. Madini ya chuma yamo kwenye kunde na mboga za majani, ila mwili huyafyonza kwa shida kuliko yale ya nyama. Ndiyo maana nakamulia limau kwenye chakula changu, na chai nimeihamisha mbali na mlo kwa kuwa huzuia chuma. Kwangu mwenyewe nayafanya haya bila wasiwasi. Lakini kuusimamia mwili wa msichana anayekua na anayepoteza damu kila mwezi ni jambo jingine. Nilimwomba abaki na mayai na maziwa. Akanijibu, "Mbona wewe hukubakisha?" Nikakosa la kusema.

Nimefikiria kupika sufuria moja ya mboga na kunde kwa wote, nyama ikaangwe pembeni na anayeitaka, ajiongezee mwenyewe. Vijana ni wakubwa, jiko wanalijua. Ila naogopa, baada ya ile nyama ya kusaga, mume wangu ataona namwadhibu, au kwamba ndiyo hatua ya pili ya hila ileile.

Shangazi, nianze na lipi? Nimwombe radhi kwanza ndipo nimletee wazo la sufuria moja, au yote mawili kwa pamoja? Na binti, nimpeleke akapimwe damu kabla ya kumkubalia, au nirudie mayai mimi mwenyewe ili naye ayale? Hilo la mwisho linaniuma, lakini nikilazimika nitalifanya.

Wako,
Mama Sufuria Mbili