Usiongeze maji kabla hujapima tangi

Mpendwa Rajabu,

Salamu nyingi. Hiyo tabia ya kufungulia maji kila presha ya mfumo wako wa kupasha nyumba joto ikishuka iache kwanza. Maji mapya huja na oksijeni, nayo huila rejeta, yale mabapa ya chuma yanayopasha vyumba, kwa ndani; matope meusi unayoyaona ukitoa upepo ulionasa humo ni chuma chako hicho. Kutu hiyo huzaa pia haidrojeni, gesi inayoshika moto, kwa hiyo usitoe upepo na sigara mdomoni.

Unasema ukishaongeza maji, sindano ya geji ya presha husoma baa 1.2 mfumo ukiwa baridi, hukaribia 3 ukipata moto, na asubuhi iko chini ya 0.5. Hapo mimi nashuku tangi la upanuzi, lile jekundu pembeni ya boila inayochemsha maji, kabla ya kushuku bomba. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 70 hutanuka kama asilimia 2: kwenye lita 100, ni lita 2 zinazotafuta pa kwenda. Ndani ya tangi kiwambo cha mpira hutenga maji na upepo; kikikosa upepo nyuma yake, hazina nafasi. Vali ya usalama hufunguka kwenye baa 3 na kuzimwaga nje. Mfumo ukipoa, presha inaanguka.

Zima boila, ikate umeme, iache ipoe. Funga koki ya kuingizia maji, kisha toa maji mpaka geji isome 0, na koki ya kutolea ibaki wazi. Hatua hii wengi huiruka, halafu geji ya tairi inawasomea presha ya maji wakidhani ni ya upepo. Bonyeza pini ya vali ya upepo ya tangi, inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji, kiwambo kimetoboka. Nunua tangi jingine, usihangaike. Yasipotoka, jaza upepo kwa pampu ya baiskeli hadi namba iliyoandikwa ubavuni, mara nyingi 0.75 hadi 1. Funga koki ya kutolea, rudisha maji hadi 1.2 au 1.5, kisha chomoa mpira wa kujazia. Koki yake ikipitisha maji kidogo kidogo, presha itapanda hata boila ikiwa imezimwa.

Toa upepo kwenye rejeta pampu ya kuzungusha maji ikiwa imezimwa, ukianza rejeta za chini. Zungusha ufunguo wa kutolea upepo robo mzunguko tu, tambara chini yake. Ikiacha kufoka na kutoa maji mfululizo, kaza. Rejeta yenye ubaridi juu ina upepo. Ya baridi chini katikati ina matope, inataka kuoshwa. Ukimaliza, angalia geji tena, maana itakuwa imeshuka.

Vali ya usalama ikishafunguka mara nyingi huenda isikae sawa tena. Funga kifuko cha nailoni kwenye mdomo wa bomba lake la nje, bila kukaza. Kikikutwa na maji baada ya tangi kupona, badilisha vali. Kikiwa kikavu na presha bado inashuka, zima boila ipoe, funga vali zake mbili za kupeleka na kurudisha maji usiku kucha: geji yake ikishuka, inavuja boila yenyewe, ikitulia, fuatilia mabomba.

Wako,
Juma