Risala ya wanamuziki wa nyumbani wa Tabora kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wetu wa dini, wazazi, majirani, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wazee wetu walioketi hapa mbele, mwangaluka.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai hadi kuifikia siku hii. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi chini ya mwembe huu. Umefika saa ileile uliyotuahidi, na wanakikundi wameniagiza jambo hilo nisiliache bila kulitaja, maana si mara zote tumelizoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi na sitakuchosha nayo. Tulianza watu wanne, hapahapa Isevya, kila mmoja akiwa anatunga na kurekodi peke yake nyumbani. Mmoja alikuwa akiimbia ndani ya kabati la nguo, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Mwingine alikuwa akisubiri watoto walale, anajifunika blanketi gubigubi yeye na simu yake. Leo tuko 27 kutoka Isevya, Cheyo, Kanyenye, Kiloleni na Ng'ambo. Wamo bodaboda, mafundi cherehani, walimu wawili, mama lishe, mpiga kinanda wa kanisani, msoma kaswida na mzee wetu mstaafu wa reli. Hakuna kati yetu anayekula kwa muziki. Tunakutana kila Jumamosi alasiri kwa kazi moja tu: kusikilizana nyimbo na kuambiana ukweli.

Utaratibu wetu ni huu. Mwenye wimbo anaupiga mara mbili na haruhusiwi kujieleza. Sisi wengine tunaandika. Hairuhusiwi kusema wimbo ni mkali, wala hairuhusiwi kusema ni mbovu. Unataja dakika, sekunde, na kilichotokea hapo. Ukisema kwamba kwenye dakika ya kwanza na sekunde ya 40 sauti imetoka nje ya ufunguo, umemsaidia mtu. Ukisema hajatulia, hujamwambia kitu na anarudi nyumbani na donge. Na hakuna anayepewa maoni kabla hajatoa ya kwake kwa mwenzake.

Mji huu si mgeni kwa muziki, Mheshimiwa. Hapa ndipo ilipopiga bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro, ndipo ilipopiga Nyanyembe Jazz, na ndipo Tabora Jazz walipoupa mtindo wao jina la Segere Matata, wakiwa na Shem Karenga aliyetoka Kigoma akaja kupigia Tabora. Wazee wale walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna. Bendi ikifanya mazoezi, mpiga bezi, mwimbaji na mpiga tumba walikuwa chumba kimoja, wakisikia sauti ileile kwa wakati uleule. Aliyekosea alijulikana palepale na alirekebishwa palepale. Naomba neno hilo la chumba kimoja ulishike, Mheshimiwa, nitalirudia.

Mafanikio yetu ni makubwa. Nyimbo 83 zimepita mikononi mwetu na zimeandikwa zote katika daftari la kikundi, pamoja na maoni ya kila mtu. Tumenunua maiki yetu wenyewe kwa kuchangishana. Wimbo wa mwenzetu bodaboda umepigwa redioni hapa mkoani mara mbili ndani ya wiki moja, na siku hiyo kijiwe kizima kilisimamisha kazi kuusikiliza. Kwaya mbili zimetuita tuwasikilize kabla hawajaenda studio, na msoma kaswida wetu sasa anafundisha vijana wengine sita kupumua vizuri kabla ya mstari mrefu. Tunayahesabu mafanikio hayo kuwa ya mkoa mzima.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa idhini yako nifike kwenye lililotufanya tukualike.

Hatuna mahali pa kusikilizia. Mtu wa nje anaweza kulichukulia dogo, atasema si simu zipo, kila mtu ajisikilizie kwake. Ndivyo tunavyofanya, na ndivyo tunavyoharibiana kazi. Uzi mnene kuliko wote wa gita la bezi, ukiupiga bila kuubana, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda, na sauti yoyote inayotetemeka chini ya mara 200 hivi kwa sekunde inakuwa hafifu sana. Kwa hiyo mtu ameleta wimbo wenye bezi na sisi tunasikiliza wimbo usio na bezi, kisha tunamshauri. Mwingine ana hedifoni zenye sikio moja lililokufa, naye anauliza kwa nini kinanda hakipo, kumbe kinanda kiko upande wa sikio bovu. Wa tatu amefungulia sauti mpaka mwisho, na wimbo ukipigwa kwa nguvu sikio huuona mzuri zaidi ya ulivyo. Watu watatu, nyimbo tatu, na mwenye wimbo ni mmoja.

Niruhusu, Mheshimiwa, nieleze lililompata mwenzetu, kwa ridhaa yake, maana yupo hapa. Ni mama, fundi cherehani. Alitunga wimbo wa Kinyamwezi wa kumsifu mama yake mzazi, akaenda kijijini kuwarekodi wajomba zake wakipiga ngoma kubwa na manyanga. Alipotuletea, tulimwambia kwa sauti moja kwamba ngoma haisikiki, manyanga ndiyo yamejaa. Akaipandisha ngoma. Jumamosi iliyofuata tukamwambia bado. Akapandisha tena. Ya tatu, bado kidogo. Ya nne tukampigia makofi na mimi mwenyewe nikaandika daftarini kwamba wimbo umekamilika. Mwandiko wangu uko pale mpaka leo.

Mwezi uliofuata binti ya dada yake akaolewa. Yule mama akampa mpiga muziki wa harusi fleshi yake, akarudi kukaa mezani na mkoba magotini. Zilikuwa spika zile kubwa za ukumbini, mbili kila upande. Ngoma ilipoingia, vikombe vilianza kutembea juu ya meza. Sauti yake haikusikika hata neno moja. Jina la mama yake, alilolirudia katika kila kiitikio, halikusikika. Kwenye ubeti wa pili mpiga muziki akaukata na kuweka wimbo mwingine, na watu wakainuka kucheza kama hakuna kilichotokea. Yeye hakuinuka.

Baadaye mpiga kinanda wetu aliomba spika za kanisani kwa saa moja, tukausikiliza wimbo ule kama ulivyokuwa siku ya kwanza, kabla hatujatia mikono yetu. Ulikuwa sawasawa. Ngoma ilikuwa mahali pake, na jina la mama linasikika. Kosa lilikuwa letu, Mheshimiwa, tulimshauri kwa wiki tatu juu ya kitu tusichokisikia. Yeye hakutulaumu, na Jumamosi iliyofuata alikuja. Lakini wako wengine watano walioacha kuja, na hatuwezi kuwaambia warudi kwenye jambo lilelile.

Si kwamba tumekaa tukisubiri msaada. Tulihamia sebule ya mwanachama mmoja, tukakusanya trei za mayai kwa wauza chipsi kwa muda wa miezi miwili, tukazibandika ukutani kwa gundi. Zilipunguza ukali kidogo wa sauti nyembamba, basi. Bezi hazikuigusa, na kelele za nje hazikuzizuia. Honi ya treni iliingia kama ilivyozoea. Bezi inataka kitu kinene, pamba au sufi ya kina cha kiganja, hasa kwenye kona, maana konani ndiko inakojikusanya. Sebule ile ina bati bila dari. Mvua zetu Tabora zinaanza Novemba na kumalizika Aprili au karibu na Mei, na matone yakianza kwenye bati hata mtu anayekupigia kelele sikioni humsikii. Yaani karibu nusu ya mwaka kikundi kinaishi kwa kuangalia mawingu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chumba kipo. Kiko katika jengo la umma hapahapa mtaani kwetu, mwendo wa dakika tano kutoka hapa ulipoketi. Ni kirefu kuliko upana wake, na kwa sauti hilo ni jema, kwa sababu chumba cha mraba hurundika noti zilezile za bezi. Kina madirisha mawili, na ukuta wa nyuma umegeuzia reli mgongo. Ndani yake kuna viti vilivyovunjika na mzani mbovu. Tumechungulia dirishani mara nyingi mno, mpaka tunajua idadi ya viti: ni 14.

Leo si mara yetu ya kwanza kukiomba. Mgeni rasmi aliyetangulia alisimama mbele yetu, akasema chumba hicho tukihesabu kuwa tayari ni chetu, na kwamba spika mbili atazileta kwa mkono wake kabla ya mwezi kuisha. Tulipiga vigelegele. Tulimkabidhi ndoo ya asali ya nyuki wadogo, tukapiga naye picha. Hatumtaji kwa jina kwa sababu tunamheshimu, na kwa sababu tunaamini siku ile alikusudia alichosema. Mwezi uliisha, na imepita misimu miwili ya mvua. Tulipeleka barua, ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Tulipofuatilia, tuliambiwa faili limehamishwa. Tulipolifuata lilikohamia, tuliambiwa andiko letu liandikwe upya kwa muundo mwingine. Mwalimu wetu akakesha akaliandika upya. Tulipolipeleka, aliyekuwa akilishughulikia alikuwa amepata uhamisho. Kwa maneno mazuri hatujapungukiwa, Mheshimiwa. Kila ofisi tuliyoingia tumepokewa kwa maneno mazuri.

Tumeshauriwa pia tuombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Tunaishukuru Serikali kwa mikopo hiyo. Imewainua wengi tunaowajua. Lakini mkopo unarejeshwa kwa faida ya biashara, na sisi hatuna tunachouza. Mzee wetu wa reli ana umri wa kuwa babu wa baadhi yetu, na ndiye mwenye sikio zuri kuliko sote. Tukiunda kikundi cha vijana ili tukidhi vigezo, itabidi tumtoe yeye kwanza. Hilo tumekataa, na tunaomba utuelewe.

Kwa hiyo tunaomba ufunguo wa chumba kile, kwa barua, kwa matumizi ya Jumamosi alasiri na jioni mbili za katikati ya wiki. Siku nyingine mtaa ukitumie utakavyo. Tunaomba dari, ili mvua inyeshe na sisi tuendelee. Tunaomba umeme uingizwe. Nguzo iko nje ya jengo, na luku tutakuwa tunanunua wenyewe. Na tunaomba spika mbili za kusikilizia, zile za studio ambazo hazipendezeshi wala hazifichi, tuziweke mahali pamoja zisihame, na kitufe cha sauti tukiwekee alama ili kila wimbo upimwe kwa kipimo kimoja. Viti vile 14 fundi seremala aliye miongoni mwetu atavitengeneza bila malipo, hata visivyo vya kwetu. Sufi za kona tutashona sisi, na yule mama ndiye aliyejitolea kusimamia ushonaji. Katika mfuko wetu kuna shilingi 640,000, michango ya 2,000 kwa kila mtu kwa mwezi kadiri alivyojaliwa, na zote ziko tayari kwa ajili ya dari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna bahasha ya kaki mezani kwako. Ndani yake mna andiko, safari hii kwa miundo yote miwili, pamoja na nakala za barua zetu zenye mihuri ya kupokelewa. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili mitupu. Hatukuweka nafasi ya ahadi. Mstari wa kwanza ni wa jina la mtu tutakayemwona ofisini, na wa pili ni wa tarehe ambayo mlango ule utafunguliwa. Tunakuomba kwa unyenyekevu, kabla hujaondoka leo, uijaze mistari hiyo kwa kalamu yako. Ikiwa tarehe ni ya mbali, andika hiyohiyo ya mbali, tutaisubiri. Na ikiwa haiwezekani kabisa, tuandikie kwamba haiwezekani, tutafute pengine kabla ya Novemba.

Baada ya risala hii yule mama ataupiga wimbo wake, ule wa siku ya kwanza, kwa spika tulizoazimwa kwa leo tu. Tunakuomba uusikilize mara mbili, kama ulivyo utaratibu wetu, na karatasi ya kuandikia maoni utapewa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi