Barua ya Wazi kwa Mgeni Rasmi Wetu: Bendera Bado Iko Kabatini

Mheshimiwa,

Yah: Bendera ya Taifa uliyoikabidhi kwaya yetu ya vijana

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu tatu zilizotangulia zote ziligongwa mhuri wa "Imepokelewa", na naamini zilipokelewa vizuri sana, maana hakuna aliyezigusa tena.

Jumanne iliyopita nilifika ofisini kwako kwa mara ya tisa. Binti wa mapokezi, ambaye siku hizi ananiita mama, akasema uko kikaoni. Nikakaa kwenye benchi. Ukutani mbele yangu imetundikwa kalenda ya ofisi yako, na mwezi wa Agosti, Mheshimiwa, ni sisi. Vijana wangu 28 na sare zao za kitenge, wewe katikati, bendera umeishika kwa mikono miwili. Chini pameandikwa kwamba ofisi yako imewezesha vijana kuitangaza nchi nje ya mipaka.

Mipaka ipi? Sisi hata Kongowe, hapo jirani tu, hatujavuka.

Labda umesahau, una mambo mengi. Siku ya harambee ulisimama ukasema, "Nyie fanyeni mazoezi, tiketi kumi niachieni mimi." Vigelegele! Safari ilikuwa ya Hamburg, Ujerumani, na wewe mwenyewe ulitukumbusha kwamba mji ule na Dar es Salaam ni ndugu tangu 2010. Wenyeji wetu walishatupangia makanisa matatu ya kuimba na familia za kutulaza. Wazazi wa hapa Mbagala, wauza samaki na madereva wa bodaboda, walitoa sh. 150,000 za pasipoti kwa kila mtoto. Zidisha mara 28, ni milioni 4.2. Yupo mama aliyehangaika miezi miwili kutafuta cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa ili mtoto apate pasipoti. Ubalozini ada ya viza tulisamehewa, kwa kuwa kanuni zao zinawasamehe vijana wasiozidi miaka 25 wanaokwenda kwenye shughuli za utamaduni za taasisi zisizo za faida. Bima ya matibabu ya kufikia euro 30,000 tulikata. Kwa walio chini ya miaka 18, baba na mama walisaini ridhaa, hata wale wasiosemeshana.

Zilibaki tiketi kumi tu.

Tiketi za kundi, Mheshimiwa, haziendi kwa ahadi. Unatanguliza amana, unapewa siku ya mwisho, ikipita viti wanapewa wengine na amana hairudi. Amana ile niliikopa mimi, kwenye kikoba cha akina mama. Naendelea kuilipa kila Jumamosi, mbele ya wenzangu wanaojua fika kwamba hatukwenda popote. Cherehani nimeiuza. Siku ile ya mwisho wakala alinisubiri mpaka saa kumi na moja jioni, nami niko kwenye benchi lako lile lile, simu yako inaita tu. Wapo walionishauri waende 18. Nani angewachagua? Na ukiondoa kumi kwa hesabu yoyote ile, bezi inabaki na mtu mmoja.

Kilichotokea sikijui. Wengine wanasema fungu lilihamishiwa sherehe nyingine. Mimi nahisi fungu halikuwepo kabisa. Palikuwa na kipaza sauti na watu wengi, basi.

Kijana wangu mmoja wa sauti ya nne anauza barafu Rangi Tatu. Kijiweni sasa wanamwita Hamburg. "Hamburg, umerudi lini?" Anacheka nao, lakini mazoezini haimbi kama zamani. Viza yake imeisha muda ikiwa safi kabisa ndani ya pasipoti, haijaona mhuri hata mmoja. Wenzake wanne wameshaacha kwaya.

Nilianza barua hii nikitaka kukudai fedha. Kisha nikaona basi, angalau uwaandikie wale wenyeji wetu waliokwishanunua hadi magodoro, uwaeleze wewe, maana mimi maneno yameniishia. Na ile kalenda ishushwe. Lakini nakujua; ukiombwa mengi, unaahidi yote.

Kwa hiyo naomba moja. Njoo uichukue bendera. Kuitundika siwezi, kuitupa siwezi, na kila nikifungua kabati kutafuta khanga naikuta imekunjwa vilevile ulivyotukabidhi. Njoo uichukue mbele ya vijana wenyewe, uwaambie kwa mdomo uleule kwa nini hawakwenda. Mpiga picha wako mlete pia.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Njoo uichukue, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kwaya, Mbagala