Saa kumi na tano, si saba

New York, Oktoba

Somo yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Tiketi yako ya ndege ya Nairobi mpaka New York uliyonitumia nimeiona, na maneno ya shangazi yamenichekesha peke yangu: "Aondoka saa tano u nusu usiku, afika saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Kumbe Marekani ni kama basi la Nairobi!" Mwambie saa ya kufika imeandikwa kwa majira ya huku. Mwezi wa Novemba New York iko nyuma yenu kwa saa nane (kiangazi huwa saba), kwa hiyo zile saa saba anazohesabu yeye, tano u nusu mpaka kumi na mbili u nusu, azijumlishe na nane. Utakuwa hewani saa kumi na tano, bila kutua popote.

Ni kama kilomita 11,800. Ukivuta uzi juu ya tufe kutoka Nairobi, unapita Sudani Kusini, Chadi, Niger, jangwa la Aljeria, unatokea Moroko, ndipo bahari mpaka huku. Kwa mwendo wa ndege yenu, Boeing 787, kilomita 900 hivi kwa saa, ungedhani saa 13 zatosha. Lakini huko juu upepo huvuma kutoka magharibi, nanyi mnaupokea kifuani. Wakati wa kurudi unawasukuma, ndiyo maana huwa saa 14 hivi.

Kenya Airways ilianza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo ilikuwa ni kupitia Ulaya au Ghuba, na mpaka leo wako wanaopitia Doha kwa ajili ya nauli. Njia hiyo ni kama kilomita 14,000, ukiachia mbali kusinzia uwanjani. Nikiwa na watoto siigusi. Nikiwa peke yangu na bei imeshuka, mbona napita, nanyoosha miguu na kahawa nakunywa!

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wewe kutoka Mombasa. Usithubutu treni ya mchana. Inafika Syokimau, kituo cha Nairobi, usiku, na wasafiri wa Marekani hukaguliwa zaidi ya wengine, foleni juu ya foleni. Panda ya asubuhi, ushinde kwa dada yako, magharibi uwe uwanjani. Kiti omba cha kando ya njia, usije ukamrukia mtu kila ukitaka kwenda msalani.

Na shangazi asianze kunipigia alfajiri kuuliza kama umefika. Saa kumi na mbili u nusu yake huenda ndiyo kwanza mnaiacha pwani ya Moroko, na huku kwangu ni saa nne u nusu usiku. Mtatua saa nane u nusu mchana ya Mombasa, kisha kuna uhamiaji na mabegi. Apige saa kumi na moja jioni, nitakupa simu uongee naye.

Wako,
Somo