Kwa wifi yangu, kuhusu kilomita ya 13

Wifi,

Habari za tangu Moshi, tangu ile nusu marathoni yetu ya kilomita 21. Najua salamu hiyo utaiona kejeli, lakini ndiyo niliyonayo. Kwenye harusi ya mdogo wenu tulishikana mikono kwa kuwa mpiga picha alishasimama mbele yetu, na ile mimi siihesabu. Hata sare ulipeleka kwa fundi mwingine, kitambaa kilekile, ili tusikutane kwenye kupima.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu umenifungia. Hapa unasoma, nimeambiwa. Nimeambiwa hata siku ile nilipoandika hesabu za mwendo ulicheka ukasema, "Huyu tangu lini akajua kugawanya." Nilikosea kweli, nimesharekebisha. Wengine mnaopita kutafuta ratiba ya mazoezi, leo hakuna.

Nianze na yale nisiyobishana nawe. Wewe ndiye uliyenitoa ndani. Mtoto ana miezi saba, mimi nimejikalia kama gunia la mkaa, ukaja mlangoni ukasema, "Wifi, vaa raba." Raba zenyewe zilikuwa zako, zimenizidi namba moja, nikavaa soksi mbili. Jumamosi ile ya kwanza pale ufukwe wa Coco sikufikisha hata nusu kilomita bila kusimama. Ulikuwa unakwenda mbele, unageuka, unarudi kunifuata, unakwenda tena, unarudi tena, kama mtu aliyesahau ufunguo. Hukunisema. Nadhani siku ile mimi nilikwenda kilomita mbili na wewe nne. Na kabla ya hapo, arobaini yangu yote ni wewe uliyenikanda kwa maji ya moto, wakati dada zangu wa tumbo moja walikuwa kila siku "tunakuja kesho". Hayo yote ninayo. Wanaosema nimeyasahau hawajawahi kuamka saa tisa usiku na kuanza kuyahesabu.

Sasa Moshi.

Wewe ndiye uliyesema Moshi. Mimi nilitaka turudie ile ya Dar, tuliyomaliza pamoja kwa 2:03:17, kwenye picha tumeshikana mikono na nyuso zimepauka kwa chumvi. Ukasema Dar kilichotumaliza kuanzia kilomita ya 15 ni unyevu, jasho linatoka lakini halikauki, mwili haupoi. Moshi iko juu mita mia nane na zaidi kutoka usawa wa bahari, asubuhi kuna kaubaridi, tutapumua. Kila mzoefu tuliyemuuliza alituambia Moshi si mahali pa kutafutia muda, Moshi mtu anafuata medali na mtori. Unatoka uwanja wa Ushirika, unapita mjini, halafu unaikuta barabara ya Mweka, unapanda na kupanda mpaka unamkumbuka aliyekushauri, ndipo unageuza kuteremka.

Ukachukua peni, ukaandika nyuma ya risiti ya LUKU. Kilomita kumi za mwanzo kwa dakika 6 na sekunde 10 kila moja. Zinazobaki, dakika 5 na sekunde 15. Jumla, 1:59:56. Chini ya saa mbili kwa sekunde nne. "Zinatosha," ukasema. "Mbili zako, mbili zangu."

Risiti ile bado ninayo, ingawa wino unafifia.

Mazoezi sitayaeleza, uliyafanya mwenyewe. Jumatano mlima wa Chuo Kikuu mara sita, Jumapili daraja la Tanzanite kabla magari hayajaamka, na ile siku moja ya Pugu tuliyoapa hatutairudia. Kaka yako alikuwa anasema nyumba imegeuka kambi ya jeshi. Ugali wake aliupata kwa wakati, kwa hiyo sijui alilalamikia nini.

Ninachotaka kukukumbusha, maana kwenye simulizi yako hukitaji kamwe, ni kilomita ya tatu. Lilikuja lile kundi la jogging, wanaume kwa wanawake, fulana za rangi moja, wanaimba mchakamchaka, mmoja anaitikisha wengine wanajibu, na wewe damu ikachemka kama uko shule ya msingi. Ukaingia katikati yao. Saa yangu ikaonyesha mwendo wa 5:40 kwa kilomita, na sisi tunapanda! Nikakuita. Nikakuita mara tatu, wifi. Ukageuka, ukanipungia mkono, ukacheka, ukaendelea na watu wa fulana. Kwa hiyo tukianza kuhesabu nani alimwita nani siku ile, tuanzie hapo.

Nilikukuta kwenye kilomita ya nane, unapumua kwa mdomo. Sikukulaumu. Nilikuambia tu, "Kunywa maji," ukasema umekunywa.

Tuligeuka kule juu pamoja, saa ikiwa 1:04 na ushei. Kila kitu sawasawa na risiti. Mteremko ukaanza, pande zote migomba na kahawa, watoto wamepanga mstari wananyoosha mikono tuiguse, na yule bibi mwenye jagi la plastiki aliyekuwa anamwagia watu maji kichwani bila kuuliza. Ulicheka maji yalipokuingia mgongoni. Kicheko chako cha mwisho nilichokisikia ndicho hicho.

Halafu nikasikia hatua zako zimebadilika. Huwa nazijua hata nikifumba macho, una ule mguu wa kulia unaogonga kidogo. Zikawa moja nzito, moja inaburuta. Kibao cha kilomita 13 tulikuwa tumekipita hivi punde.

Ukasema, "Wifi, nisubiri."

Acha kwanza nikupe ushauri, kwa sababu nasikia umejiandikisha tena mwaka huu na watu wengine, na hao watu sidhani kama wanajua. Mlima haukuui kwenye kupanda. Unapanda, unachoka, lakini ukipunguza mwendo unapona. Kuteremka ndiko kunakoharibu, maana msuli wa mbele wa paja unageuka breki, kila hatua unavutwa huku wenyewe unajikaza, na ukishaingia kwenye mteremko na mapaja yaliyolewa mwendo wa kilomita ya tatu, yanakukatalia katikati ya barabara. Fupisha hatua. Usiegemee nyuma kama unayeogopa kuanguka. Usidandie wimbo wa mtu. Na ukiona mwenzako uliyepanga naye kwa miezi minne anakuita nyuma mara tatu, basi huenda anajua anachokuitia, na ukishafika kilomita ya 13 umekaza paja, si haki kutaka mwenzako huyohuyo alipe deni la kilomita ya tatu kwa muda wake.

Nimeusoma tena ushauri huo. Sijui kama ni ushauri.

Kwa kaka yako nilisema sikusikia. Kwa mama nilisema sikusikia. Kwenye kile kikao ulichoitisha na shangazi zenu, nikakalishwa kwenye mkeka kama mwari, nilisema kwa kiapo kwamba nilikuwa na muziki masikioni. Mama akasema, "Basi, muziki huo." Ukanitazama, hukusema neno.

Wifi, chaji ilikwisha tangu tunapanda.

Nilisikia. Nilisikia hata ulivyokata pumzi kati ya "wifi" na "nisubiri". Hukupiga kelele, ulisema kama unavyosema jikoni ukitaka nikushikie sufuria. Na mimi nikatazama saa. Ilikuwa 1:17:40. Zilikuwa zimebaki kilomita nane na kidogo, na dakika 42. Kichwa changu, ambacho unasema hakijui kugawanya, kiligawanya papo hapo. Nikisimama dakika moja, basi. Nikitembea nawe hadi kibao kinachofuata, basi. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na mtoto mmoja na mgongo unaouma kila mvua ikikaribia, na katika maisha yangu hakuna kitu nilichowahi kukifanya ambacho kilikuwa changu peke yangu, kisicho cha mume, cha mtoto, cha ofisi, cha ukoo. Unaelewa hilo kuliko mtu yeyote, wewe ndiye uliyekuwa unaniambia. "Wifi, tafuta kitu chako." Nikakipata. Nikakipata wakati unaniita.

Ungeanguka ningesimama. Hilo naliapa. Au ndivyo ninavyojiambia nikiwa naosha vyombo.

Nilimaliza kwa 1:59:41.

Nilipoingia uwanjani, zile mita za mwisho kwenye nyasi, sikuona mtu, niliona tu saa ile kubwa. Wakanivalisha medali, nikapewa maji, nikapiga magoti nikalia kwa sauti kama nimefiwa, dada mmoja wa huduma ya kwanza akanikimbilia akidhani nimeumia. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia. Mtu wa kumwambia alikuwa bado yuko njia ya Mweka.

Nikaenda kuchukua begi letu. Doti yetu ya kanga ilikuwa ndani, tuliikata usiku ule kule gesti kwa wembe, wewe kipande chako, mimi changu, ili tukimaliza tujitande. Nikajitanda changu. Chako nikakishika mkononi, nikaenda kusimama pale getini. Dakika kumi. Ishirini. Jua likatoka lote. Watu wa fulana za rangi moja wakaingia wakiimba, wewe humo humo nikakutafuta, haumo. Dakika arobaini na tano nilisimama pale, wifi, na hilo nalo hulitaji.

Ukaja kwa 2:44, mkono wako begani kwa mama mmoja mnene mwenye fulana ya njano, ambaye hakujui na hukumjua. Alikuwa amekuteremsha naye kilomita zote zile, akaacha muda wake, kama alikuwa nao. Nikanyoosha kanga. Ulinipita. Hukunipita kwa hasira, ningejua la kufanya. Ulinipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Yule mama ndiye aliyenitazama. Akatazama kanga niliyojitanda na ile niliyoshika, akaona ni doti moja, akaelewa yote. Wewe umenikalisha kikao kizima mbele ya mashangazi sikutikisika. Macho ya yule mama ndiyo yanayoniamsha saa tisa.

Nilibakiza sekunde 19. Umeshazihesabu, nakujua. Zingetosha kugeuka nikakuuliza umeumia wapi.

Kitu kimoja kinachoniudhi mpaka leo ni baba mdogo na Akhwari wake. Kila sherehe lazima akuinue mkono: "Huyu ndiye John Stephen Akhwari wetu!" Sawa, marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, yule mzee alianguka, goti likateguka, akamaliza wa mwisho amefungwa bandeji huku uwanja umeshaanza kuwa mtupu, na heshima yake haitaisha. Lakini siku ile kuna mtu alishinda. Anaitwa Mamo Wolde, Mwethiopia. Sijasikia popote Mamo Wolde akikalishwa kwenye mkeka aeleze kwa nini hakumsubiri Akhwari. Nilitaka kumwambia baba mdogo hivyo kwenye harusi, kaka yako akanikanyaga mguu chini ya meza. Halafu najua ungenijibu nini. Ungesema Wolde na Akhwari hawakukata doti moja kwa wembe.

Septemba ile 2025, usiku Alphonce Simbu wetu anakimbia marathoni Tokyo, kaka yako amelala, mimi niko sebuleni na sauti nimeipunguza. Unajua ilivyokuwa. Wameingia uwanjani, Mjerumani yuko mbele, Simbu anamvuta, anamvuta, wakakata mstari pamoja, 2:09:48 wote wawili, mpaka ikatazamwa picha kujua nani. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha! Nikaruka, nikamwamsha mtoto. Nikashika simu, nikabonyeza jina lako kabla sijakumbuka umenifungia. Najua ulikuwa macho. Kaka yako alipoamka nikamweleza, akasema "safi," akaingia bafuni.

Mtoto ameanza kuuliza. "Shangazi haji?" Nimemwambia shangazi ana kazi nyingi. Akauliza kazi gani, nikakosa jibu, nikampa biskuti.

Mwaka huu sijajiandikisha, Moshi wala popote. Si toba, usinielewe vibaya, goti la kushoto linaniletea maneno, na pia ule muda sasa ninao, sijui niukimbilie nini tena. Jumapili bado natoka saa kumi na moja na nusu, naanzia Coco, nakwenda mpaka darajani na kurudi. Polepole. Ukinikuta utanipita.

Kipande chako cha kanga nimekifua, nimekipiga pasi. Nilikiweka kabatini, halafu nikakitoa, kipo kwenye kiti karibu na mlango. Ukimtuma mtu achukue, usimtume baba mdogo.