Barua kwa mwanangu anayefuga buibui wa Usambara

Mwanangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Muheza hatujambo. Baba yako kaenda kuangalia michungwa, na wadogo zako wanakusalimu. Natumai mkeo na mjukuu wangu Zuhura ni wazima na baridi ya Hamburg haijawalemea.

Picha uliyonitumia nimeiona: buibui mkubwa mwenye manyoya, wa wale waitwao tarantula, wa rangi ya chungwa iliyokolea, ndani ya sanduku la kioo, kwenye rafu ya sebuleni. Chini yake umeandika: "Mama, huyu mtu wa nyumbani, wa Usambara. Usiogope, tarantula hawajawahi kuua mtu." Hayo mambo ni marefu kwa simu, ndiyo maana nakuandikia. Nataka uyasome na mkeo akiwa pembeni.

Ulilosema silikatai. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kimetokana na sumu ya tarantula. Lakini mimi nimeuguza watu wodini miaka mingi, na wengi wa niliowaona wakiteseka hawakufa. Kwa hiyo nikiambiwa kitu hakiui, bado nauliza: kinaumiza vipi, kwa muda gani, na kinamuumiza nani?

Huyo wako wataalamu wanamwita Pterinochilus murinus, jina alilopewa na Mwingereza Reginald Pocock mwaka 1897. Yuko Kenya, yuko kwetu, na anateremka hadi kusini mwa Afrika. Hujichimbia shimo, au hujitandia utando mzito kwenye vichaka, na humo ndimo anamokaa siku zake zote. Rangi yake ndiyo inayowavutia wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Tabia yake ndiyo inayoniogopesha mimi.

Tarantula wanaotoka bara la Amerika, wale wanaouzwa sana kwa wanaoanza kufuga, sumu yao kwa kawaida ni nyepesi. Silaha yao kubwa ni vinyweleo vya tumboni. Wakiudhika huvipangusa kwa miguu ya nyuma vikarukia ngozi na macho, vikawasha kama upupu. Usidhani hilo ni jambo dogo. Uingereza kuna kijana aliyekuwa akisafisha sanduku la tarantula wake wa Chile, vikamwingia jichoni. Madaktari wa hospitali ya St James's mjini Leeds walipomkagua kwa vyombo vyao walivikuta vimejichoma ndani ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Ni vidogo mno kung'olewa, ikabidi atibiwe kwa dawa za matone. Kisa chake kilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010.

Tarantula wa Afrika na Asia hawana vinyweleo hivyo. Wao wana meno, mbio na sumu kali zaidi. Buibui wako akikerwa hurudi nyuma, huinua miguu ya mbele, hutanua meno yake, na ukizidi kusogea anapiga. Mara nyingine hata onyo hilo hatoi. Mwili wake mdogo ule una mbio ambazo mkono wako hauwezi kuziwahi. Hebu fikiria Zuhura, ambaye kila kitu anakishika kwanza halafu ndipo anauliza.

Nikueleze na sumu yenyewe inavyofanya kazi, maana wewe ulipenda sayansi tangu shuleni. Mwaka 2006 watafiti wa maabara ya David Julius huko California walionyesha kwamba sumu ya tarantula mmoja wa visiwa vya Karibi huwasha kipokezi kilekile cha neva kinachowashwa na pilipili. Mwaka 2016 maabara hiyohiyo ikatoa matokeo mengine kuhusu tarantula wa Afrika Magharibi, ambaye sumu yake hufungua njia nyingine ya neva inayobeba maumivu. Unaona? Maumivu si ajali ya sumu hii. Imeundwa ili adui aumie, amwachie buibui, na asirudi tena. Waliong'atwa na aina hiyo yako wanasimulia maumivu makali yanayopanda na mkono, uvimbe, na misuli kukaza.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Tarantula wa jenasi (yaani kundi la aina zinazokaribiana) ya Poecilotheria, wanaotoka India na Sri Lanka na ambao wafugaji wa Ulaya wanawapenda sana, wana tabia ya kuchelewesha madhara. Madaktari wa Uswisi walimtibu mfugaji aliyeng'atwa, kisha wakakusanya visa vingine vilivyoandikwa. Wakaona kwamba mikazo ya misuli ilikuja saa nyingi baada ya meno kuingia, mara nyingine karibu siku nzima, na kwa baadhi ya watu ikaendelea kwa siku kadhaa. Mtu anaona maumivu yamepoa, anakwenda kulala, usiku miguu inakakamaa. Wako si wa jenasi hiyo, lakini wauguzi tunajua: mgonjwa aliyepata sumu haachwi peke yake kwa sababu tu amesema sasa naendelea vizuri.

Umeniambia pia Zuhura anadai mbwa. Basi ujue kwamba huko Australia, mwaka 2003, zilichapishwa habari za mbwa saba walioumwa na tarantula wa nchi ile. Wote saba walikufa, ilhali watu walioumwa na jamii hiyohiyo walipata maumivu wakapona. Sumu haimdhuru kila kiumbe kwa kiasi kimoja. Buibui na mbwa katika nyumba moja ya vyumba viwili, mimi sikubali.

Najua utaniambia hutamtoa sandukuni. Lakini lazima umlishe, lazima umwekee maji, na akikua lazima umhamishe. Hapo kwenye kumhamisha ndipo wengi wanapong'atwa. Umeniandikia pia kwamba siku akizoea utampakata kiganjani kama wale wa kwenye video. Mwanangu, buibui hazoei mtu. Hakujui, hakupendi, hakuchukii. Anachojua ni mtikisiko na kivuli. Na akiruka kutoka mkononi akaanguka sakafuni, tumbo lake laini linaweza kupasuka akafa. Sasa kumshika kuna faida gani, kwako au kwake?

Ombi langu ni hili: mtafutie mfugaji mzoefu, mtu asiye na mtoto mdogo nyumbani, umpe. Usimtupe nje, atakufa kwa baridi, na si haki yake. Viumbe wetu wamechukuliwa vya kutosha kupelekwa mbali, na hata Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Hata kama wako amezaliwa huko huko Ulaya, kama muuzaji alivyokuapia, basi atendewe kwa ustaarabu.

Hadi siku utakapompeleka, sanduku liwe na kufuli na liwe kwenye chumba ambacho Zuhura hafiki. Mkono mtupu usiingie humo kamwe. Tumia kibano kirefu, na uwe na kopo la kumfunikia karibu nawe. Usilifungue ukiwa peke yako nyumbani, wala usiku ukiwa umechoka. Ukimwona amelala chali, usimguse: anajivua gamba.

Akikuuma, vua pete mara moja kabla ya uvimbe. Osha kidonda kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi kilichofungwa kitambaani, meza dawa ya maumivu, uupumzishe mkono. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na lile jiwe la nyoka la babu yako liache kabatini. Hakuna dawa maalumu ya kuzima sumu hiyo, kwa hiyo hospitali watatibu maumivu na mikazo, na wataangalia kama chanjo yako ya pepopunda bado inafaa. Meno yale ni marefu, yanapeleka uchafu ndani ya nyama. Jeraha likizidi kuwa jekundu au ukipata homa siku zinazofuata, rudi hospitali.

Kituo cha ushauri wa sumu cha Göttingen kinahudumia Hamburg usiku na mchana. Mwambie mkeo abandike namba yake kwenye friji, na jina la buibui liandikwe hapohapo kwa herufi kubwa, ili anayepiga simu asibabaike. Lakini pumzi ikibana, midomo au ulimi ukivimba, kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, pigeni 112 bila kungoja ushauri wa mtu. Na akiumwa Zuhura, hata akiwa hajalia sana, mpelekeni hospitali saa ileile.

Zungumza na mkeo leo. Jumapili nitawapigia baada ya adhuhuri, na nataka nisikie kutoka kwenu wawili mmeamua nini na nani atamchukua.

Mama yako akupendaye,
Muheza