Udukuzi ukitokea Arusha, nani apigiwe simu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua tulio katika biashara ya utalii hapa Arusha, ambao makubaliano na malipo yetu hufanyika kwa barua pepe muda mrefu kabla mgeni hajatua KIA.

Mhalifu huingia katika barua pepe ya kampuni, akakaa humo kimya akisoma mazungumzo, na ankara inapokaribia kutumwa humwandikia mgeni kwa jina la kampuni kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mgeni hulipa, kampuni haioni kitu, na pande mbili zilizoaminiana huanza kushutumiana. Tukio kama hilo likigundulika mapema, benki inaweza kuombwa izuie fedha zikiwa bado njiani, kumbukumbu za seva zinazoonyesha mhalifu alipitia wapi zinaweza kuhifadhiwa kabla hazijafutika, na kampuni nyingine zinazotumia seva hiyohiyo zikaonywa. Zikipita siku kadhaa, karibu yote hayo huwa yamekwisha kuharibika.

Mwananchi amefundishwa vizuri kupeleka ujumbe wa matapeli wa simu kwa namba 15040, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imewapa polisi mamlaka ya kupeleleza. Hata hivyo, polisi humtafuta mkosaji na kulinda ushahidi, na katika kufanya hivyo huenda wakalazimika kuichukua kompyuta yenyewe. Kuzuia madhara yasienee na kuirudisha ofisi kazini ni kazi nyingine, yenye utaalamu wake. Chombo cha kazi hiyo tunacho, nacho ni TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, kilichoundwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Wengi ninaozungumza nao katika biashara hii hawajapata kukisikia, na siamini kwamba lawama ni yao peke yao.

Vyombo vya aina hii vilianzia Marekani mwaka 1988, baada ya programu ya mwanafunzi mmoja, Robert Morris, kujisambaza yenyewe na kulemaza maelfu ya kompyuta. Wataalamu walikuwapo na dawa ilipatikana upesi, lakini hapakuwa na mahali pa kuratibu taarifa, na baadhi ya waliojitenga na mtandao kwa hofu wakayakosa maelekezo ya tiba yaliyokuwa yakipita humohumo mtandaoni. Ndipo kituo cha kwanza kikawekwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Nchi ndogo hazisalimiki pia: mwaka 2022 Costa Rica ilitangaza hali ya dharura baada ya wadukuzi kuvamia mifumo ya serikali, ikiwamo ya Wizara ya Fedha na forodha.

Kwa hiyo naishauri serikali iweke dawati la TZ-CERT katika ofisi ya TCRA Kanda ya Kaskazini, lenye namba moja ya simu inayopokelewa hata usiku, na watu wanaoweza kufika Moshi au Karatu bila kusubiri mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Watu wa kuanzia wapo. Chuo cha Uhasibu Arusha, licha ya jina lake, kinafundisha usalama wa mtandao, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru.

Dawati hilo lisipokuwa na ahadi ya usiri litakaa bila wateja. Kampuni huficha mashambulizi kwa sababu zinaogopa kuwapoteza mawakala wa nje, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu aiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi zinapovuja. Anayeripoti mapema ahudumiwe kwanza; maswali ya adhabu, kama yapo, yafuate baadaye. Sisi nasi tutimize wajibu wetu, maana kuna ofisi mjini hapa ambazo wafanyakazi wote hutumia nywila moja, tena imebandikwa ukutani.

AFCON ya 2027 itakuja na uwanja wa Arusha, na matapeli watawaandikia wageni wanaotafuta vyumba na safari. Naomba zoezi la pamoja la TZ-CERT, benki, hoteli na kampuni za utalii lifanyike mapema, kabla wageni hao hawajaanza kulipia.

Mhasibu wa kampuni ya utalii,
Sakina, Arusha